Betri Zilizokufa za Delta: Biashara Ipo, Ila Siyo Ile Tunayoichora

Kwenye mashindano ya mawazo ya biashara ya wanafunzi kuna andiko moja ambalo siku hizi halikosi. Jina hubadilika, rangi za slaidi hubadilika, lakini kiini ni kilekile: kiwanda cha kuchakata betri za lithiamu. Kitajengwa mkoani, kitaajiri vijana kwa mamia, kitaokoa mazingira, na mtaji utarudi ndani ya miaka mitatu. Ukumbi unapiga makofi, majaji wanatikisa vichwa kukubali, tunarudi kwenye vimbweta tukiamini kwamba kilichobaki ni mwekezaji tu.

Mimi nasoma ualimu, siyo uhandisi wala uhasibu. Lakini hesabu za sekondari ndizo nitakazokwenda kufundisha, na hizo zinatosha kuonyesha kwamba kiwanda hicho, kikijengwa leo mahali kama Kibiti, kitafungwa kabla mwenye andiko hajaanza kukatwa deni la HESLB.

Nisieleweke vibaya. Sisemi hakuna biashara. Biashara ipo, na itakua. Ila haipo pale tunapoichora. Ipo kwenye kazi ambazo hazipendezi kwenye slaidi: kukusanya, kuchambua, kutengeneza, kuhifadhi na kusafirisha. Na haitasimama mpaka tujibu swali ambalo maandiko yetu yote yanalikwepa: mwenye boti anayetoa betri mbovu kisiwani, nani anamlipa?

Kwa nini Kibiti

Wilaya ya Kibiti imemegwa kutoka Rufiji, na sehemu kubwa ya delta ya mto Rufiji iko ndani yake. Kuna mikoko takribani hekta 50,000, msitu mkubwa kabisa wa mikoko ulioungana katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Tangu 2004 delta hii, pamoja na Mafia na Kilwa, imeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kama ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Kamba wanaouzwa Dar kwa bei ya kutisha hukulia kwenye maji hayo ya mikoko. Watu wa Salale, Mbuchi, Kiongoroni, Maparoni na Msala wanaishi kwa uvuvi, mpunga na minazi, na ratiba yao inapangwa na maji kujaa na kupwa kuliko saa ya ukutani.

Sasa angalia umeme. Juu ya mto huohuo kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mitambo 9, lililoanza kuzalisha Februari 2024. Lakini nguzo haivuki mikondo ya maji kirahisi. Vitongoji vingi vya delta vinategemea sola: taa ndogo ya mezani, mtambo wa nyumbani wa taa tatu na redio, tochi ya kichwani ya mvuvi, taa za dagaa, simu na pawabanki. Karibu kila kimoja kati ya hivyo siku hizi kina betri ya lithiamu ndani.

Nilifanya TP kwenye shule moja ya sekondari wilayani humo. Nyuma ya bweni kulikuwa na jalala, na kwenye jalala zile betri bapa za simu zilizovimba kama maandazi. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wanazitoboa kwa msumari kuona zinavyofuka moshi. Kwao ule ulikuwa mchezo, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amewaambia vinginevyo, kwa sababu watu wazima wenyewe hawakuwahi kuambiwa. Siku hiyo somo langu la hesabu lilisubiri.

Lakini kilichonifikirisha zaidi ni kitu kingine. Kwenye jalala hilohilo hakukuwa na betri hata moja ya gari wala ya pikipiki, zile nzito za risasi na tindikali. Kwa nini? Kwa sababu zile zina mnunuzi. Mtu wa skrepa anapita na mizani yake, anazipima, analipa keshi. Za lithiamu haziulizii. Ukimpelekea anakwambia, "Hiyo haina soko, tupa."

Hapo ndipo hadithi yetu ya kiwanda inapoanza kuyumba. Mtu wa skrepa hajasoma chuo, lakini soko analijua. Kama kungekuwa na hela ya wazi kwenye betri hizo, asingeziacha.

Hesabu ya kilo moja

Betri ya simu ya kawaida ina kobalti ya gramu chache, tuseme kati ya 5 na 10. Kukusanya betri 1,000 kutakupa kobalti ya kilo 5 hadi 10. Mwanzoni mwa 2025 kobalti ilikuwa chini ya dola 25 kwa kilo kwenye soko la dunia. Kwa hiyo hata kama ungelipwa bei kamili ya madini safi, betri zako 1,000 zingekuwa na kobalti ya dola 125 mpaka 250 hivi. Na hakuna atakayekulipa bei kamili, kwa sababu wewe huna kobalti. Una mfuko wa betri. Kati ya mfuko na kobalti kuna mtu wa kuzisaga bila kuungua, mtu wa kutenganisha unga mweusi unaobaki na plastiki, shaba na alumini, na kiwanda cha kemikali cha kuutoa madini ule unga. Kila mmoja anakata chake.

Sasa ondoa gharama za kwako: mafuta ya boti kutoka visiwani mpaka Nyamisati, gari kutoka Nyamisati mpaka Kibiti mjini, lori la barabara ya Kilwa mpaka Dar, vibali, vifungashio. Tena hapo nimekupa betri za simu, zenye kobalti nyingi. Betri nyingi mpya za sola na za pikipiki za umeme ni za aina ya fosfeti ya chuma, ambazo hazina kobalti wala nikeli kabisa. Ndani yake kuna chuma, fosfeti, grafiti, shaba kidogo na lithiamu kidogo. Ni betri nzuri kwa mtumiaji: zinadumu, ni salama zaidi, bei nafuu. Kwa mchakataji ni mfupa usio na nyama.

Hiyo ni hatari ya kwanza ya biashara hii: kitu unachokusanya kinabadilika huku ukiendelea kukikusanya. Unapanga mapato kwa betri za leo, na kiwanda kinakuja kulishwa betri za miaka 6 ijayo.

Hatari ya pili ni bei. Novemba 2022 lithiamu kaboneti ilikaribia yuan 600,000 kwa tani nchini China. Kufika mwisho wa 2023 ilikuwa imeshuka mpaka karibu yuan 100,000. Kobalti nayo ilipanda juu ya dola 80 kwa kilo 2022 kabla ya kuanguka, halafu Februari 2025 Congo ikasimamisha kuuza nje, na bei ikageuka tena. Serikali moja inatoa tangazo Kinshasa, na hesabu ya kijana wa Kibiti inavunjika au inanyooka bila yeye kufanya lolote. Li-Cycle ya Canada ilikuwa na mitaji mikubwa, wahandisi na mikataba. Oktoba 2023 ilisimamisha ujenzi wa kiwanda chake kikuu huko Rochester, Marekani, kwa sababu gharama zilipaa, na Mei 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Kama hao walikwama, sisi wa mtaji wa boom tuwe na adabu kidogo.

Moto na chumvi

Hatari ya tatu ni moto. Betri ya lithiamu iliyopondwa, iliyotobolewa au iliyochajiwa kupita kiasi inaweza kupata joto linalojizalisha lenyewe: seli moja inaichoma jirani yake, na jirani anamchoma mwingine. Moto huo hauzimiki kwa ndoo ya mchanga na maombi, na moshi wake una gesi zenye floridi ambazo zinaunguza mapafu. Oktoba 2024 kiwanda cha kuchakata betri huko Fredericktown, jimbo la Missouri, Marekani, kiliungua na majirani wakaambiwa wahame. Kiwanda hicho kilikuwa na mifumo ya kuzima moto. Sasa fikiria ghala la bati Kibiti, mchana wa Februari, limejaa magunia ya betri ambazo hakuna aliyezipima.

Kwa delta kuna la ziada: chumvi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, na betri iliyolowa inaweza kupiga shoti ndani, ikakaa kimya, halafu ikawaka siku kadhaa baadaye. Hili Marekani walilijua vizuri baada ya kimbunga Ian mwaka 2022, pale magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya bahari huko Florida yalipoanza kuwaka moja baada ya jingine baada ya maji kuondoka. Sisi tuna bamvua kila mwezi. Mwaka 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na Mei mwaka huohuo kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Ukijenga ghala la betri mahali ambapo maji yanaingia, umejenga tatizo lenye anwani.

Hatari ya nne ni mpaka. Kwa kuwa sisi hatuna kiwanda cha kuutoa madini unga ule, lazima usafirishwe nje. Betri za lithiamu ni mzigo wa hatari wa daraja la 9 kwa sheria za usafirishaji. Zilizoharibika zina masharti makali zaidi. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za kielektroniki haziruhusiwi kuvuka mpaka mpaka nchi inayopokea itoe ridhaa kwanza. Sheria hiyo ni nzuri, inatulinda tusifanywe jalala. Lakini kwa mfanyabiashara mdogo maana yake ni miezi ya makaratasi huku mzigo unaoweza kuwaka ukiwa umelala ghalani kwake. Hapa ndani nako, kanuni za 2021 za taka hatarishi na taka za kielektroniki zinataka kibali kabla hujakusanya, hujasafirisha wala hujahifadhi. Nani kwenye mashindano yetu aliwahi kuweka gharama hizo kwenye bajeti?

Owino Uhuru iko jirani

Kuna watakaosema tuanze tu, mengine yatajipa. Hao nawaomba waende Mombasa.

Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato cha chini. Kuanzia 2007 kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari ili kutoa risasi. Kilileta ajira, kilikuwa na kibali, kilikuwa na jina la kuchakata. Moshi na maji yake yaliingia kwenye nyumba, na risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, aligundua mwanawe ameathirika akaanza kupambana, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe miaka toka mtoto wa kwanza aanze kuumwa.

Najua betri ya lithiamu haina risasi. Sumu zake ni nyingine, na hatari yake kubwa ni moto na gesi. Lakini funzo la Owino Uhuru halihusu kemia. Linahusu nani anabeba hasara pale biashara ya kuchakata inapofanywa kwa bei rahisi. Faida ilikwenda kwa mwenye kiwanda, na gharama ikabaki kwa mama anayefua nguo nyuma ya ukuta. Neno "kuchakata" lilitumika kama pazia. Sitaki pazia hilo litundikwe Kibiti, na hasa sitaki litundikwe na sisi, tuliosomeshwa kwa kodi za watu haohao.

Delta yenyewe inazo kumbukumbu za biashara za namna hii. Boriti za mikoko zilipakiwa kwenye majahazi kwa karne nyingi kwenda kujenga nyumba za Uarabuni. Manowari ya Kijerumani ya Königsberg ilizama humo Julai 1915, na vyuma vyake vikachukuliwa kama chakavu kwa miaka mingi iliyofuata. Boriti ziliondoka na chuma kiliondoka, wala hakuna kiwanda kilichobaki kijijini. Kama tutakusanya betri na kusafirisha tu, tutarudia kilekile, tofauti ni kwamba safari hii tutakuwa na nembo ya kijani.

Hela iko wapi basi

Iko kwa fundi.

Betri huhesabiwa imechoka kwa kazi yake ya kwanza pale uwezo wake unaposhuka mpaka kama asilimia 70 au 80. Pikipiki inaona tofauti hiyo, taa ya chumbani haioni. Tena mara nyingi kifaa kinachotupwa hakijafa betri yote. Kwenye pakiti yenye seli kadhaa, seli moja ikifa inaziangusha nyingine zote. Kwenye taa za delta, chumvi inakula swichi, inakula tundu la kuchajia, inakula nyaya, na mwenye taa anahitimisha kwamba "betri imekufa". Fundi mwenye mita nzuri, chaja ya kupima uwezo wa seli na saketi ya ulinzi anaweza kuirudisha taa hiyo kazini kwa sehemu ya bei ya taa mpya. Hapo faida haitoki kwenye gramu za kobalti. Inatoka kwenye ujuzi, na ujuzi haupandi na kushuka na soko la China.

Hii nayo ina hatari zake, nisije nikafanya kosa lilelile ninalolilaumu. Seli mpya zinashuka bei kila mwaka. Kwa hesabu za BloombergNEF, wastani wa bei ya pakiti ya betri duniani mwaka 2024 ulikuwa dola 115 kwa kilowati-saa, wakati miaka kama 15 nyuma ilizidi dola 1,000. Seli mpya ikiwa rahisi sana, seli ya mtumba inakosa maana. Ndiyo maana nasema fundi auze matengenezo ya taa nzima, siyo seli kuukuu. Akitumia seli ya zamani sawa, akitumia mpya sawa, mteja analipia taa inayowaka na udhamini wa miezi sita.

Hatari nyingine ni fundi asiyefundishwa. Seli ya fosfeti ya chuma inajaa kwenye volti 3.65, zile nyingine kwenye 4.2. Ukizichanganya kwenye pakiti moja, au ukatumia chaja isiyo yake, umemtengenezea mtu bomu la kulala nalo kitandani. Mafundi simu wa mitaani ni wajanja kuliko tunavyowapa heshima, ila wengi wamejifunza kwa kuungua vidole. VETA ikiweka kozi fupi ya betri za lithiamu na cheti chake, na halmashauri ikatumia ile mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kuwapa vifaa vya kupimia, hiyo ni ajira ambayo haihitaji mwekezaji wa kutoka nje kuja kukata utepe.

Kisha kuna zile ambazo kweli zimekufa: zilizovimba, zilizotoboka, zilizolowa chumvi. Hizo ndizo zinahitaji ghala dogo lililojengwa sawasawa Kibiti mjini, mbali na nyumba na juu ya usawa wa mafuriko: vyombo vya chuma, mchanga mkavu, hewa inayopita, ncha za betri zimefungwa kwa selotepu, mzigo usikae mwingi. Zikifika kiasi fulani, zinakwenda Dar kwa mwenye kibali. Kazi hii haina faida, na hapa tusidanganyane. Ni huduma, kama kuzoa taka. Lazima mtu ailipie.

Kreti ya soda

Nani ailipie? Jibu tunalo tangu utotoni. Kila aliyewahi kutumwa dukani kununua soda anajua sheria: huna chupa, unaacha hela ya chupa. Hakuna semina iliyofanyika, hakuna kampeni ya mabango, lakini chupa za soda hazikuwahi kulala jalalani, kwa sababu zilikuwa hela.

Taa ya sola iuzwe hivyohivyo. Tuseme taa ni shilingi 40,000. Ongeza 2,000 ya amana. Ukirudisha taa mbovu kwa wakala, hiyo 2,000 inakatwa kwenye matengenezo au kwenye taa mpya. Na kampuni inayoingiza nchini ilipe ada ya kila kilo ya betri palepale bandarini, hela ikae kwenye mfuko maalumu, ghala la Kibiti lilipwe kwa kila kilo iliyofika Dar salama. Kwa nini bandarini na siyo baadaye? Kwa sababu kampuni inaweza kufa kabla ya betri zake. Mobisol ya Ujerumani iliuza mitambo mingi ya sola Tanzania, na 2019 ikaingia kwenye ufilisi. Bahati nzuri ENGIE iliinunua. Siku nyingine bahati haitakuwepo, na mitambo itabaki ukutani kwa watu bila mwenyewe.

Kuna mtu atasema: unampandishia bei maskini wa delta. Swali halali. Lakini amana inarudi. Kisichorudi ni gharama ya sasa ambayo haionekani kwenye risiti: taa inayotupwa baada ya mwaka kwa ajili ya swichi ya shilingi mia chache, na betri inayooza kwenye maji wanapokulia kamba wake. Ada ya bandarini kampuni itajaribu kuihamishia kwa mteja, kweli, ila kwa betri ya taa ndogo yenye gramu chache ni hela ndogo ukilinganisha na kukosa huduma kabisa.

Jambo moja ninalipinga wazi, na wenzangu wa ualimu tulisimamie. Tusikubali shule zigeuzwe vituo vya kukusanyia betri. Wazo hilo hupendwa sana kwa sababu shule zipo kila mahali na watoto hawalipwi. Ukitangaza kwamba mtoto akileta betri anapewa daftari, utapata betri nyingi sana, nyingine zikiwa zimechomolewa kwenye taa ya bibi, na zote zimesafiri kwenye begi pamoja na ugali wa mchana. Kazi ya shule ni kumfundisha mtoto kwa nini asiitoboe na afanye nini akiiona imevimba. Kuibeba ni kazi ya mtu mzima mwenye glavu na malipo.

Kesho ikoje

Nimesema biashara itakua, nieleze kwa nini. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka kuanzia 2031 betri mpya za magari na za viwandani ziwe na kiwango cha madini yaliyorejelezwa: asilimia 16 ya kobalti, 6 ya lithiamu na 6 ya nikeli. Maana yake unga mweusi utatafutwa hata bei ya madini ikiwa chini. Bajaji na pikipiki za umeme zinaongezeka Dar, na betri yake moja ina uzito wa mamia ya betri za simu. Hizo ndizo zitakazofanya lori la barabara ya Kilwa lijae. Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za kielektroniki, Rwanda wana kiwanda chao Bugesera. Soko la kikanda linajengwa.

Sisi wenyewe tuna grafiti Mahenge, kwenye bonde hilohilo la Rufiji, na tuna nikeli na kobalti Kabanga, ambazo mpango ni kuzisafishia Kahama. Nchi ikishakuwa na kiwanda kinachojua kutenganisha nikeli na kobalti kwa kemikali, kukilisha na unga wa betri kuukuu ni hatua inayofikirika, si ndoto. Siku hiyo atakayefaidika siyo aliyejenga kiwanda mapema kikafa. Ni yule ambaye tayari ana mtandao: anajua wakala gani Mbuchi ana mzigo, ana mafundi wenye vyeti, ana ghala lisilowaka, ana daftari linaloonyesha kila kilo ilitoka wapi.

Kwa hiyo ninaiomba serikali ya wanafunzi mambo mawili, na yote yanawezekana muhula huu. La kwanza, kwenye mashindano yajayo, andiko lolote la kuchakata betri liulizwe maswali matatu kabla ya makofi. Betri zako ni za aina gani, na miaka 6 ijayo zitakuwa za aina gani? Ghala likishika moto, nani jirani yako na bima ni ya nani? Kilo moja kutoka kisiwani mpaka Dar inagharimu shilingi ngapi, na nani anazilipa? Asiye na majibu akae chini, arudi mwakani.

La pili ni la hapahapa. Kwenye mabweni yetu kuna pawabanki zilizovimba chini ya vitanda, betri za laptop kwenye makabati, simu zilizokufa tangu mwaka wa kwanza. Tuweke pipa moja la chuma lenye mchanga kwenye kila jengo, mhandisi mmoja wa mwaka wa nne alipwe kulisimamia, na mwisho wa muhula tupime tumepata kilo ngapi, ngapi zimetengenezeka, ngapi zimekwenda kwa mwenye kibali na kwa gharama gani. Matokeo tuyachapishe kwenye jarida hili, hata yakiwa mabaya. Halafu ndipo mtu aandike andiko la Kibiti, akiwa na tarakimu alizozipima mwenyewe.